Bakteria Rafiki Kando ya Karanga: Probiotiki na Tiba ya Mzio wa Chakula

Januari 2015 habari moja kutoka Melbourne, Australia, ilienea kwa kasi katika magazeti na redio za nchi nyingi. Watafiti wa Taasisi ya Murdoch ya Utafiti wa Watoto, wakiongozwa na Profesa Mimi Tang, walikuwa wamewapa watoto wenye mzio wa karanga vitu viwili kwa pamoja, kila siku, kwa miezi 18: unga wa karanga uliokuwa ukiongezwa kidogo kidogo, na probiotiki, yaani bakteria hai wa Lactobacillus rhamnosus wapatao bilioni 20 kwa siku. Tiba ilipokwisha, watoto waliachishwa karanga kwa wiki mbili hadi tano, kisha wakapewa tena mbele ya madaktari. Katika kundi lililotibiwa, watoto 23 kati ya 28 walizila bila kudhurika. Katika kundi la plasebo, waliopewa unga usio na dawa yoyote, alifaulu mtoto 1 kati ya 28.

Mzazi ambaye mwanawe anaweza kuvimba koo kwa kipande cha kashata hawezi kuzisoma tarakimu hizo kwa utulivu. Na wengi walioisikia habari ile waliondoka na jambo moja kichwani, kwamba bakteria rafiki wanatibu mzio. Karanga zikasahaulika njiani. Tangu hapo wazazi wamekuwa wakiuliza, kliniki na kwenye maduka ya dawa: mtoto anayetibiwa mzio wa chakula anaweza kutumia probiotiki kwa usalama?

Naona ni swali zuri ambalo huulizwa nusu. Kwa mtoto mwenye afya njema mbali na huo mzio, bakteria wenyewe mara nyingi hawana neno. Hatari hutoka kwa vile wanavyoandamana navyo: chakula kinachotumika kama dawa, mabaki ya maziwa ndani ya pakiti, maradhi mengine aliyonayo mgonjwa, na ule ujasiri unaomwingia mtu akidhani ameshawekewa kinga. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi, na ndilo lisiloandikwa kwenye lebo yoyote.

Tuanze na tiba yenyewe. Mzio wa chakula wa aina ya haraka hutokea pale mfumo wa kinga unapoiona protini ya karanga, maziwa, yai, samaki au ufuta kuwa ni adui. Mwili hutengeneza kingamwili zinazoitwa IgE, nazo hujibandika juu ya seli zilizojaa histamini na kemikali nyingine. Protini ile ikiingia tena, seli hufunguka ndani ya dakika chache. Midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka yanayowasha, tumbo linasokota, mtoto anatapika, kifua kinabana. Mambo yakifika kwenye pumzi na mzunguko wa damu, hiyo ni anafilaksia, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio tulivyovizoea hutuliza muwasho. Havifungui koo lililoziba wala havipandishi presha iliyoanguka.

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa na ushauri mmoja tu: epuka chakula hicho. Tiba ya kuzoesha mwili ilikuja kinyume chake. Mgonjwa hupewa chakula kilekile kinachomdhuru, kwa kipimo kidogo mno, kikapandishwa hatua kwa hatua kwa miezi. Palforzia, unga wa karanga ulioidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) Januari 2020, huanza na nusu miligramu ya protini ya karanga na kupanda hadi miligramu 300, kiasi kinachokaribia punje moja, ambacho mgonjwa huendelea kukila kila siku. Katika utafiti mkubwa wa dawa hiyo uliochapishwa 2018, asilimia 67 ya watoto na vijana waliotibiwa walistahimili dozi ya miligramu 600 bila shida kubwa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata plasebo. Hawakupona. Walipata nafasi ya kutodhurika sana wakila karanga kwa bahati mbaya, na kwa familia nyingi nafasi hiyo ni kubwa.

Bei yake ni kwamba unamlisha mtoto kitu kinachoweza kumuua. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 12 za tiba ya karanga zenye washiriki 1,041. Waliopata tiba walikumbwa na anafilaksia kwa asilimia 22. Walioendelea kuepuka karanga au waliopewa plasebo, asilimia 7. Katika tafiti hizo, mtu aliyetibiwa aliingia kwenye hatari mara tatu zaidi ya yule aliyeepuka, angalau kwa kipindi cha tiba. Tarakimu hizo ziwe mezani kila tunapozungumzia chochote kinachotumika sambamba na tiba hii, kiwe probiotiki au kingine.

Sasa turudi Melbourne. Utafiti wa 2015 ulikuwa na pengo ambalo wataalamu waliliona mara moja. Makundi yalikuwa mawili tu: karanga pamoja na bakteria upande mmoja, plasebo upande wa pili. Hakukuwa na kundi la karanga bila bakteria, wala la bakteria bila karanga. Mtoto aliyefaulu alisaidiwa na kipi? Haikuwezekana kujua. Mwaka 2017 timu hiyohiyo ilitoa taarifa ya miaka minne baada ya tiba: watoto 16 kati ya 24 waliotibiwa walikuwa bado wanakula karanga, dhidi ya 1 kati ya 24 wa plasebo. Yalikuwa matokeo ya kutia moyo kweli, na pengo lilikuwa lilelile.

Jibu lilipatikana 2022, na nawaheshimu watafiti hao kwa kuwa ni wao wenyewe waliolitafuta na kulichapisha. Safari hii walichukua watoto 201 wa miaka 1 hadi 10 katika hospitali za Melbourne, Adelaide na Perth, wakawagawa makundi matatu: karanga na bakteria, karanga na plasebo ya bakteria, na plasebo mbili. Baada ya miezi 18 ya tiba na wiki 8 za kuacha kabisa, waliofaulu kula karanga katika kundi la kwanza walikuwa 36 kati ya 79, yaani asilimia 46. Kundi la karanga bila bakteria lilipata 42 kati ya 83, asilimia 51. Plasebo, 2 kati ya 39.

Kazi, basi, ilifanywa na karanga. Bakteria hawakuongeza uwezekano wa kufaulu.

Kuhusu madhara, makundi mawili yaliyokula karanga yalikaribiana, na yote mawili yalipata madhara mengi mno kuliko kundi la plasebo. Tofauti iliyojitokeza ilihusu tumbo: watoto wa miaka 1 hadi 5 waliopewa bakteria walipata matatizo machache ya tumbo kuliko wenzao waliopewa karanga bila bakteria. Siidharau tofauti hiyo. Maumivu ya tumbo na kutapika ni kati ya mambo yanayozifanya familia kukata tamaa na kuacha tiba njiani, na mtoto wa miaka mitatu anayelia kila jioni baada ya dozi huwachosha watu wote nyumbani. Lakini ni matokeo ya kundi dogo ndani ya utafiti mmoja, kwa aina moja mahususi ya bakteria, kwa kipimo kimoja. Hadi yatakaporudiwa mahali pengine, hayatoshi kumwambia mzazi kwamba pakiti yoyote ya probiotiki italilinda tumbo la mwanawe.

Na kwa anafilaksia hakuna hata hicho kidogo. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba probiotiki huizuia wakati wa tiba ya kuzoesha. Ukitaka kuona ushahidi wa kinga ya kweli unavyofanana, itazame omalizumabu, sindano inayozinasa zile IgE zenyewe. Katika utafiti uliochapishwa 2024, asilimia 67 ya waliopewa sindano hiyo walistahimili miligramu 600 za protini ya karanga, dhidi ya asilimia 7 ya plasebo, na FDA ikaiidhinisha Februari mwaka huo kupunguza hatari ya mtu anayekula kwa bahati mbaya chakula kinachomdhuru. Ni dawa ghali, hudungwa kila wiki mbili au nne, na hata mwenye kuitumia huambiwa aendelee kukiepuka chakula hicho na abebe adrenalini. Ikiwa dawa yenye ushahidi wa namna hiyo haimruhusu mtu kulegeza uangalizi, pakiti ya bakteria itamruhusu vipi?

Hapo ndipo ule ujasiri niliousema unapodhuru. Tiba ya kuzoesha haipatikani kila hospitali Afrika Mashariki, lakini karanga zinapatikana kila genge, na probiotiki kwenye famasi nyingi za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Mzazi mwenye simu anaweza kuunganisha viwili hivyo jikoni kwake. Anasoma kwamba huko Australia walifaulu, ananunua pakiti, anaanza kumlambisha mtoto siagi ya karanga kwa ncha ya kijiko. Namsihi asifanye hivyo. Watoto wa Melbourne walianza kwa vipimo vya miligramu vilivyopimwa maabara, walipandishiwa dozi chini ya uangalizi, na madaktari wenye adrenalini walikuwa karibu. Ncha ya kijiko ina mamia ya miligramu za protini, na kwa mtoto mwenye mzio mkali kiasi hicho kinazidi sana kinachotosha kumwangusha.

Mara nyingi hapa jambo lingine huchanganywa na hili. Mwaka 2015 huohuo utafiti wa London ulioongozwa na Profesa Gideon Lack ulionyesha kwamba kuwapa karanga mapema watoto wachanga walio katika hatari ya mzio kulipunguza mzio wa karanga kufikia umri wa miaka mitano kutoka asilimia 17 hadi 3. Watoto hao 640 walipimwa kwanza, na waliokuwa tayari na dalili kubwa za mzio hawakuingizwa. Ule ulikuwa mpango wa kuzuia mzio usianze. Mtoto ambaye ameshavimba midomo kwa karanga hayumo kabisa katika habari hiyo, na probiotiki haimrudishi humo.

Sasa bakteria wenyewe. Kwa watu wenye afya ya kawaida rekodi yao ni nzuri, na ni haki kusema hivyo bila kuzungukazunguka. Finland walianza kula kwa wingi maziwa yenye Lactobacillus rhamnosus GG katika miaka ya 1990. Watafiti walipochunguza maambukizi ya damu yanayosababishwa na jamii hiyo ya bakteria nchi nzima kati ya 1990 na 2000, hawakuona yakiongezeka. Huko Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 walishiriki utafiti wa Lactobacillus plantarum uliochapishwa 2017, na waliopewa bakteria walipata maambukizi makali ya damu au kufa kwa kiwango cha chini kuliko waliopata plasebo, asilimia 5.4 dhidi ya 9. Blantyre, Malawi, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walipewa chakula cha tiba, baadhi yao kikiwa kimechanganywa na bakteria. Matokeo ya 2009 hayakuonyesha kwamba bakteria waliharakisha kupona, lakini pia hawakuleta wimbi la maambukizi ambalo watu wangelihofia kwa watoto dhaifu kiasi kile.

Upande wa pili una vifo. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 2008, wagonjwa 298 waliokuwa na uvimbe mkali wa kongosho waligawanywa. Waliopewa mchanganyiko wa probiotiki walikufa kwa asilimia 16 na waliopata plasebo asilimia 6, na baadhi ya waliopewa bakteria walipata kuoza kwa utumbo kwa kukosa damu. Oktoba 2023 FDA iliwaonya watoa huduma za afya dhidi ya kuwapa probiotiki watoto waliozaliwa kabla ya wakati, baada ya mmoja kufariki kwa maambukizi ya damu yaliyosababishwa na bakteria walewale waliokuwa kwenye bidhaa aliyopewa. Barani Ulaya mamlaka ya dawa imepiga marufuku Saccharomyces boulardii, ambayo ni hamira wala si bakteria, kwa wagonjwa mahututi na wenye kinga iliyoshuka, kwa kuwa inaweza kuingia kwenye damu, hasa kwa mgonjwa mwenye mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa. Hamira hiyo huuzwa sana kama dawa ya kuharisha.

Wengi wa wagonjwa wa mzio wa chakula hawamo katika makundi hayo. Lakini wapo wenye mzio ambao pia wana selimundu, au wanaishi na VVU na kinga yao imeshuka, au wanatumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu kwa sababu ya pumu. Hao wamwone daktari wao kabla ya kununua chochote, na wamtajie magonjwa yote mawili.

Kwa mgonjwa wa mzio hatari iliyo karibu zaidi ni ile iliyochapishwa, au isiyochapishwa, nyuma ya pakiti. Igeuze usome. Utaona jina la bakteria, pengine na herufi na namba zinazotambulisha aina mahususi; ukiona Lactobacillus peke yake bila zaidi, hujui unachomeza. Kisha idadi: bilioni 5, bilioni 10. Angalia kama ni idadi ya siku ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi, kwa sababu bakteria wengi hawastahimili joto, na pakiti iliyokaa kwenye rafu ya Mombasa bila kiyoyozi inaweza kuwa na wachache mno waliosalia hai. Hilo hudhuru mfuko zaidi ya mwili. Halafu yanafuata maandishi madogo: maltodekstrini, wanga wa mahindi, wakati mwingine unga wa maziwa.

Maziwa huingia kwa njia mbili. Wapo watengenezaji wanaoyaweka kwa makusudi kama kibebeo. Wapo pia wanaowakuza bakteria ndani ya lishe yenye protini za maziwa, kisha wakawakausha bila kuziondoa zote. Mwaka 2007 madaktari wa Ufaransa waliripoti watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe waliopata anafilaksia baada ya kumeza probiotiki zilizokuwa na mabaki hayo. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walipima bidhaa za sokoni wakakuta humo protini za maziwa na za yai zilizojificha. Mtoto anayetibiwa mzio wa karanga huku akiwa na mzio wa maziwa pia, na hao si wachache, anaweza kudhurika kwa pakiti wakati kila mtu anazilaumu karanga.

Zaidi ya hapo kuna lebo inayosema bidhaa haina laktosi. Wazazi wengi huipokea kama ruhusa. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mtu asiyeimudu huvimbiwa na kuharisha. Mwenye mzio wa maziwa anadhuriwa na protini, kama kaseini, na protini inaweza kubaki hata baada ya laktosi yote kuondolewa. Lebo hiyo haimhusu kabisa.

Uchafu mwingine ni nadra lakini umeshatokea. Mwaka 2014, katika jimbo la Connecticut, Marekani, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alifariki kwa fangasi iliyoshambulia utumbo wake, na fangasi ya jamii hiyohiyo ikakutwa ndani ya unga wa probiotiki aliokuwa akipewa hospitalini. Aliyemuua hakuwa bakteria aliyeandikwa kwenye chupa. Alikuwa mgeni aliyeingia kiwandani.

Sasa mfikirie mtoto anayefanyiwa tiba halali, chini ya daktari, na wazazi wake wanataka kumwongezea probiotiki. Jambo ambalo familia za kwetu zinahitaji kulijua kuliko yote ni siku za ugonjwa. Dozi ambayo mtoto ameistahimili kwa mwezi mzima inaweza kumwangusha siku ana homa, ana maambukizi ya tumbo, hajalala vizuri, ameimeza akiwa na njaa, au amekimbia na kucheza mpira muda mfupi baada ya kuimeza. Ndiyo maana kliniki huagiza dozi iliwe pamoja na chakula, mtoto atulie baadaye, na dozi ipunguzwe au isimamishwe akiugua. Huku kwetu malaria na kuharisha si matukio ya mara moja kwa mwaka kwa watoto wengi. Na mtoto anapoharisha, famasi humpa mzazi nini pamoja na chumvichumvi ya kuongeza maji na zinki? Mara nyingi probiotiki. Mzazi anampa, anaona ameshughulikia tumbo, jioni anaendelea na dozi ya karanga kama kawaida. Kila hatua peke yake inaonekana ya busara, na jioni hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Kuharisha kwenyewe ndiko kunakopaswa kumfanya apige simu kliniki kuuliza kama dozi isimame. Probiotiki haibadilishi hilo hata kidogo.

Lipo pia tatizo la kujua mkosaji. Probiotiki katika siku za mwanzo huweza kuleta gesi na tumbo kujaa. Tiba ya kuzoesha nayo huleta maumivu ya tumbo, ambayo mara nyingi hupita, mara nyingine ni dalili ya awali ya mmenyuko mkali, na kwa wachache ni ugonjwa wa koo la chakula unaotokana na seli za eosinofili. Uchambuzi uliochapishwa 2014 ulikadiria kwamba ugonjwa huo huwapata takriban asilimia 2.7 ya wanaofanyiwa tiba hiyo. Mtoto aliyeanzishiwa vyote wiki moja akianza kukataa chakula na kutapika asubuhi, daktari atashindwa kujua aanzie wapi. Mbaya zaidi, familia inaweza kusema "ni hizo dawa za bakteria tu, zitazoeleka", na ugonjwa wa koo ukaendelea kimya kwa miezi.

Wasomaji wengine watauliza kuhusu mtindi. Kwa asiye na mzio wa maziwa, mtindi, maziwa lala na mursik ni chakula chema, na uhusiano wake na sayansi hii ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Bakteria yule wa Finland, GG, alipewa herufi hizo kutokana na majina ya wagunduzi wake wawili wa Marekani, Gorbach na Goldin. Hataza yake ilipokwisha, mradi wa Yoba for Life ulianza kusambaza Uganda toleo lake lisilo na chapa, ambapo pakiti ya gramu moja inatosha kuchachusha lita 100 za maziwa kijijini. Mwanza nako, tangu miaka ya 2000, akina mama wametengeneza mtindi wa Fiti kwa aina nyingine ya rhamnosus. Hii ni miradi ya lishe na kipato, na inastahili sifa kwa hilo. Lakini kuchachusha hakuziondoi protini za maziwa. Mtoto mwenye mzio wa maziwa anayeambiwa mtindi ni salama kwa kuwa umechacha anapewa sumu yake ndani ya bakuli la mapendo.

Wale wanaotibiwa mzio wa maziwa wana simulizi yao yenye pande mbili. Naples, Italia, timu ya Roberto Berni Canani iliwapa watoto maziwa maalumu ambayo protini zake zimekatwakatwa, baadhi yakiwa na GG. Matokeo ya 2017, kwa watoto 220 waliofuatwa miaka mitatu, yalionyesha kwamba waliopata bakteria waliachana na mzio mapema zaidi. Lakini utafiti wa mataifa kadhaa uliochapishwa 2022, uliotumia maziwa ya asidi amino na bakteria wa jamii nyingine, Bifidobacterium breve, haukuona tofauti yoyote baada ya mwaka mmoja. Na Perth, 2007, watoto wachanga walio katika hatari ya mzio waliopewa aina fulani ya Lactobacillus acidophilus kwa miezi sita walionekana kuwa na kingamwili za mzio kwa wingi zaidi walipofika mwaka mmoja. Ukizipanga tafiti hizi tatu pamoja, utaona kwa nini siwezi kukubali sentensi inayoanza na "probiotiki husaidia". Ni ipi, kwa kipimo gani, kwa mtoto wa umri gani, kwa mzio upi?

Mamlaka zetu zina kazi hapa. Bidhaa moja inaweza kuingia sokoni kama chakula, kama kirutubisho au kama dawa, kutegemea inavyoombewa kibali, na Tanzania usimamizi wa chakula uko Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019 wakati dawa ziko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Marekani, sheria inayolazimisha maziwa, yai, karanga na vichochezi vingine vikuu kutajwa kwenye lebo inahusu vyakula na virutubisho, wala haizihusu dawa. Mgonjwa wa mzio hajali bidhaa imesajiliwa dirisha gani. Kwake protini ya maziwa ni ileile. Ningependa kuona kila pakiti ya probiotiki inayouzwa Afrika Mashariki, iwe imesajiliwa kama nini, ikilazimishwa kutaja kwa Kiswahili kama ina maziwa, yai, soya au karanga, na kama bakteria wake walikuzwa kwenye lishe ya maziwa.

Kabla hayo hayajafanyika, kliniki inayofanya tiba ya kuzoesha inaweza kuanza kesho bila gharama. Kadi ya mtoto iwe na mstari wa probiotiki: jina kamili na namba ya aina, tarehe ya kuanza, aliyeishauri. Mzazi alete pakiti yenyewe ili isomwe. Mtoto mwenye mzio wa maziwa asimeze hata chembe moja mpaka mtengenezaji athibitishe kwa maandishi kwamba haina protini hizo. Isianzishwe wiki ambayo dozi ya chakula inapandishwa. Tumbo lipewe wiki mbili tatu litulie kwanza, kisha kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa kalamu za adrenalini ni adimu katika maduka mengi ya dawa ya kanda hii, kila familia iondoke ikijua kituo cha afya kilicho karibu chenye ampuli za adrenalini, saa zake za kufungua, na usafiri watakaoutumia usiku.